Sapphire na mioyo yake miwili: je, Ribon no Kishi bado inafaa kwa wasichana wa leo?

*"Ninasimamia klabu ya usomaji katika shule ya sekondari ya wasichana hapa Tanga. Wasichana wa Kidato cha Pili wamezama kwenye anime, filamu za katuni za Kijapani, na mmoja wao ameleta juzuu mbili za Kiingereza za Princess Knight alizotumiwa na shangazi yake anayeishi ughaibuni. Anasema hiyo ndiyo mama wa manga zote, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, za wasichana. Nimesoma juzuu ya kwanza na sijatulia. Binti anazaliwa na mioyo miwili, wa kiume na wa kike. Ukimtoa ule wa kiume hawezi hata kushika upanga. Msichana mmoja ameniuliza: 'Kwa hiyo madam, mimi nikiwa jasiri ina maana nina moyo wa mvulana?' Nikakosa la kumjibu. Mzazi naye amelalamika kwamba kitabu kinafundisha mabinti kuvaa kiume. Mwalimu mwenzangu ananiambia nisihangaike, kitabu ni cha zamani, tusikihukumu kwa viwango vya leo. Je, nikitoe kabatini? Na kama nikikibakiza, nianzie wapi na niwaambie nini?"*

Mwalimu, kwanza hongera kwa kukisoma kabla ya kukigawa. Wengi hufanya kinyume chake, kisha wanakuja kushtuka mzazi akishapiga simu. Wasiwasi wako nauona hivi: una hadithi ambayo shujaa wake ni msichana mwenye upanga mkononi, zawadi ambayo kila msimamizi wa klabu kama yako angeifurahia, lakini ukifunua ndani unakuta mwandishi anadai upanga ule si wa msichana hasa, ni wa moyo wa kiume uliomwingia kwa ajali. Hujui kama unawapa wanafunzi wako shujaa wa kike au unawaambia kwa mlango wa nyuma kwamba shujaa wa kike hayupo.

Kisitoke kabatini. Lakini hoja ya mwenzako nayo siipokei yote, na swali la yule msichana ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na wanafunzi wangu wa chuo.

Nieleze kidogo kwa wasomaji wengine ambao hawajakutana nayo. Ribon no Kishi, ambayo kwa Kiingereza ndiyo hiyo Princess Knight, ilichorwa na Osamu Tezuka (1928–1989), Mjapani ambaye wenzake walikuja kumwita mungu wa manga. Katika hadithi yake, watoto ambao hawajazaliwa wanasubiri mbinguni wagawiwe mioyo: wavulana wa buluu, wasichana wa rangi ya waridi. Malaika mdogo mtundu aitwaye Tink anamtangulizia mmoja wao moyo wa buluu, kisha mtoto huyohuyo anapewa na wa waridi. Anazaliwa Sapphire, binti pekee wa mfalme wa Silverland, nchi ambayo sheria yake inamnyima mwanamke kiti cha enzi. Kiti kisiende kwa Plastic, mtoto bwege wa Duke Duralumin, Sapphire anatangazwa kuwa mvulana na kulelewa hivyo. Mbele za watu ni mwanamfalme, akijificha ni binti. Siku ya sherehe anavaa gauni na wigi la nywele za kimanjano, anacheza dansi na Franz, mwana wa mfalme wa Goldland. Franz anampenda yule binti wa nywele za kimanjano na anamwona Sapphire kuwa adui, asijue kwamba ni mtu mmoja. Kibaraka wa Duralumin anaitwa Nylon. Umegundua? Wabaya wa kasri wamepewa majina ya vitu vilivyotoka kiwandani, huku wema wakipewa vito, fedha na dhahabu. Tezuka alikuwa na utani wa namna hiyo kila ukurasa, na wasichana wako wataukamata haraka kuliko sisi.

Hilo la "mama wa manga zote za wasichana" msichana wako ametia chumvi. Magazeti ya wasichana yalikuwepo Japani zamani. Hilo lililochapisha hadithi hii mara ya kwanza, Shōjo Club la kampuni ya Kodansha, lilianza mwaka 1923. Na mwaka 1934 mchoraji Katsuji Matsumoto alikwisha kuchora hadithi fupi, Nazo no Kurōbā, ya msichana aliyeficha uso kwa barakoa akiwatetea wakulima dhidi ya wakubwa wanaowakandamiza. Mkumbuke huyo, nitamhitaji baadaye. Alicholeta Tezuka ni urefu na uzito. Kurasa za katuni za wasichana kabla yake zilijaa zaidi vichekesho vifupi. Yeye akaleta hadithi iliyoendelea mwezi hadi mwezi kuanzia Januari 1953 hadi Januari 1956, ambamo msichana anafungwa mnarani, anapenda, anasalitiwa, anapigana. Hapo ndipo wachoraji wengi waliofuata walipoonyeshwa kwamba gazeti la wasichana linaweza kubeba mzigo kama huo.

Jambo jingine ambalo hata mashabiki hulisahau: kitabu hiki hakiko kimoja. Tezuka alikichora upya kwenye gazeti la Nakayoshi kati ya 1963 na 1966, na hicho ndicho kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa New York kwa juzuu mbili mwaka 2011. Kilicho kabatini kwako basi si cha 1953, ni cha miaka kumi baadaye. Na hii inaidhoofisha kidogo ile hoja ya mwalimu mwenzako. Mtu akichora kitabu mara ya pili, ana nafasi ya kurekebisha kilichomkera. Tezuka alirekebisha mengi. Mioyo miwili akaiacha palepale.

Kwa nini aliipenda hivyo? Hapa twende polepole, maana ndipo lilipo jibu la swali lako.

Tezuka alikulia mji wa Takarazuka, karibu na Osaka. Mji huo una kikundi cha maonyesho kilichoanzishwa mwaka 1913 na Ichizō Kobayashi, mwenye kampuni ya reli, aliyetaka sababu ya kuwafanya watu wapande treni yake mpaka kituo cha mwisho. Onyesho la kwanza lilikuwa 1914, na kikundi kipo mpaka leo. Waigizaji wote ni wanawake. Wanaocheza nafasi za kiume huitwa otokoyaku: nywele fupi, sauti nzito, mabega yaliyonyooshwa, upanga kiunoni. Mama yake Tezuka alikuwa mpenzi wa maonyesho hayo na alimpeleka mwanawe tangu utotoni. Fikiria mtoto wa kiume ameketi gizani, mbele yake mwanamke aliyevaa kijeshi anamwimbia mapenzi mwanamke mwenzake aliyevaa gauni, na ukumbi mzima, ambao wengi wake ni wanawake, unafuta machozi. Sapphire ametoka kwenye jukwaa hilo. Hata mavazi yake na ngazi za kasri anazoshuka zina sura ya jukwaani.

Lakini tazama kilichobadilika njiani. Ukumbini Takarazuka kila mtu anajua kwamba mwanamume yule ni mwanamke, na kwamba uanaume anaouonyesha kajifunza. Kuna shule ya miaka miwili kabla hujapanda jukwaani, na baada ya hapo mwigizaji huendelea kwa miaka kujifunza namna ya kutembea, kukaa, kushika kofia. Jukwaa linasema waziwazi kwamba uanaume ni ufundi, na mwanamke akiufanyia mazoezi anaumudu vizuri mno. Tezuka akauchukua ufundi ule akauingiza mwilini, akaufanya kiungo. Kilichokuwa zoezi kikawa maumbile. Kosa unaloliona wewe, Mwalimu, limezaliwa hapo.

Simlaumu sana kama fundi wa hadithi. Mchoraji wa katuni anahitaji kitu kinachoonekana kwa macho, na moyo wa rangi unaweza kuibwa, kumezwa, kufukuzwa angani, kudondoka, kupiganiwa na wachawi. Tink ametumwa duniani aurudishe ule wa buluu. Madame Hell, mchawi, anautaka ule wa waridi. Bila mioyo hiyo nusu ya visa havipo. Kama mtambo wa kuendesha hadithi, ni mzuri sana. Kama maelezo ya binadamu alivyo, ni duni, na ulikuwa duni hata siku ulipochapishwa.

Sasa chukua ukurasa ambao moyo wa kiume unamtoka Sapphire katikati ya pambano. Mkono uliokuwa ukipangua mapanga unalegea ghafla, anarudi nyuma, analemewa. Wape wasichana wako ukurasa huo na swali moja tu: huyu mtoto amefundishwa upanga tangu mdogo, kwa sababu alilelewa kama mwanamfalme, yale mazoezi ya miaka yote yamekwenda wapi? Tezuka hajibu. Hadithi ina maelezo mawili ya uhodari wake, moyo na malezi, na kila yanapogongana anachagua moyo. Lakini michoro yake mwenyewe imeshatuonyesha malezi. Wakimaliza hapo waulize na hili: kutunza siri nzito tangu utotoni, kusimama mbele ya baraza zima ukijua kosa moja litamponza mama yako, kumsamehe kijana anayekuchukia kwa sababu hajui wewe ni nani, hayo yanatoka kwenye moyo upi? Kitabu hakina rangi ya mambo hayo. Ujasiri mkubwa wa Sapphire hauna moyo uliopewa, na kwa maoni yangu ndio unaomfanya akumbukwe hadi leo, miaka zaidi ya 70 baadaye.

Kwa hiyo yule msichana mjibu hivi, kwa maneno yako: hapana, una moyo mmoja na ni wako. Mchoraji alipotaka kuuonyesha ujasiri aliupaka buluu, kwa sababu watu wa enzi zake waliuona ujasiri kuwa mali ya wavulana. Na hata sisi hatujamaliza, si bado tunamwambia mtoto anayelia "jikaze kiume"? Kisha mrudishie kitabu, umwambie atafute ukurasa ambao Sapphire ni jasiri na hakuna moyo unaotajwa. Atarudi na kurasa nyingi.

Nije kwa mwalimu mwenzako. "Tusihukumu kwa viwango vya leo" ni kauli yenye nusu ya ukweli. Sisi wenyewe tunafundisha Utendi wa Mwana Kupona, ulioandikwa mwaka 1858, ambamo mama anamuusia binti yake namna ya kumridhisha mume kwa mambo ambayo wasichana wengi wa leo wakiyasikia wanaguna. Hatuuchomi utenzi. Wala hatuwaambii wasigune. Tunausoma pamoja na miguno yao, na somo linanoga kwa sababu hiyo. Nusu isiyo ya kweli ni kudhani kwamba zamani watu wote walifikiri sawa. Yule msichana wa barakoa wa Matsumoto hakuhitaji moyo wa buluu ili awe hodari, na alitangulia karibu miaka 20. Na msomaji wa Tezuka mwaka 1953 hakuwa mtoto wa dunia iliyosimama. Mama yake alikuwa amepiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza tarehe 10 Aprili 1946, siku ambayo wanawake 39 walichaguliwa. Katiba mpya ya Japani iliyoanza kutumika 1947 ilisema katika kifungu cha 14 kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria bila kujali jinsia, na katika kifungu cha 24 kwamba ndoa isimame juu ya usawa wa mume na mke. Msichana wa miaka kumi aliyenunua gazeti lile alikuwa wa kizazi cha kwanza kilichokulia chini ya maneno hayo. Hadithi ya binti anayezuiwa na sheria isiyo ya haki ilimgusa mahali panapouma.

Tena kuna jambo hapa ambalo wanaosema "kitabu kimepitwa na wakati" hawaligusi. Katika mwaka huohuo wa 1947 ilitungwa Sheria ya Nyumba ya Kifalme, na kifungu chake cha kwanza kinasema kiti kitarithiwa na mwanamume wa ukoo wa kiume. Sheria ya Silverland, kwa maneno mengine, ilikuwa sheria ya Japani. Wala si desturi ya tangu na tangu: Japani iliwahi kuwa na wanawake watawala, wa mwisho Go-Sakuramachi katika karne ya 18; marufuku iliandikwa sheria wakati wa utawala wa Mfalme Meiji, mwaka 1889, ikabakizwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mfalme wa sasa, Naruhito, aliyeshika kiti mwaka 2019, ana mtoto mmoja tu, Aiko, aliyezaliwa 2001. Ni binti. Hawezi kurithi. Basi ukikipima kitabu hiki kwa viwango vya leo, ni haki uanze kwa kuuliza viwango hivyo ni vya nani. Fizikia ya mioyo imezeeka vibaya. Sheria ya kiti cha enzi haijazeeka hata kidogo.

Aya hii wairuke wasiotaka kujua mwisho. Sapphire anaolewa na Franz. Baada ya visa vyote, mapanga yote, hila zote, tunafika harusini, na upanga unatundikwa ukutani, kwa namna ya kusema. Mimi hapo ndipo ninapokunja uso kuliko kwenye mioyo. Mioyo ni uzushi wa hadithi, mtoto wa Kidato cha Pili anajua hakuna moyo wa buluu. Lakini mwisho wa aina hiyo, kwamba ushujaa wa msichana ni kipindi cha kupita kabla hajatulia kwa mume, unaingia bila kubisha hodi. Kama una nguvu za kujadili jambo moja tu na klabu yako, jadili hilo. Na msaidizi wako atakuwa Hecate, binti wa Madame Hell. Mama anautaka moyo wa waridi ili ampe Hecate, awe mpole, avutie, aolewe na Franz. Hecate hautaki. Anapenda alivyo: mkorofi, mkimbiaji, hana haja ya gauni. Hakuna malaika aliyemkosea moyo wala hakuna sheria iliyomlazimisha ajifanye mvulana, ni msichana tu ambaye hafanani na picha ya waridi. Sijui kama Tezuka alitambua kwamba kwa mhusika huyu mmoja ameibomoa nadharia yake yote. Wasichana wa klabu nyingi humpenda Hecate kuliko Sapphire, na nadhani wana haki.

Kuhusu mzazi. Mwite mje mkae, mfungulie kitabu, mwonyeshe kwamba Sapphire anavaa kiume kwa amri ya wazazi na kwa hofu ya sheria, na kwamba taabu zake zote zinatokana na kulazimishwa kujificha. Mwonyeshe na mwisho. Atashangaa kukuta kitabu ni cha kihafidhina kuliko alivyodhani. Usimfiche kwamba wako wasomaji, Japani na kwingineko, waliojiona ndani ya mtu mwenye mioyo miwili na kukipenda kitabu kwa sababu hiyo. Usomaji huo upo na siudharau, ila kitabu chenyewe kinamalizika kwa kurudisha kila kitu kwenye mstari wa zamani. Kwa kweli, shuleni kwako mimi ningekuwa na wasiwasi na jambo ambalo mzazi hajalitaja: kurasa za mwanzo zinamchora Mungu kama mzee anayegawa mioyo kwa watoto. Tanga una wanafunzi Waislamu wengi, na Wakristo ambao nao hawatafurahia kuona Mungu akizidiwa ujanja na malaika mtoto. Waambie mapema kwamba huo ni mzaha wa mchoraji asiye wa dini yoyote kati ya hizo, na asiyetaka kuusoma ukurasa huo aambiwe hadithi kwa mdomo.

Njia ulizonazo, basi, kama ninavyoziona. Ukikitoa kabatini utanunua amani ya wiki moja. Wasichana hawa wana simu za dada zao, watakitafuta, na watakisoma bila wewe. Ukikigawa bila neno, wengi watakifurahia na kusahau, lakini wachache, hasa wale ambao tayari wanaambiwa hawafanani na wasichana wenzao, watabeba lile la moyo wa kiume hadi nyumbani. Ninachopendelea ni kukisoma pamoja, sura mbili au tatu kwa kikao, kitabu kikisomwa kwa sauti na mtu mwingine akionyesha picha. Michoro ya Tezuka inakwenda mbio, vyumba vidogovidogo vya picha vimejaa watu, hawataizoea mara moja wakitoka kwenye manga za leo zenye nafasi nyeupe na macho yaliyojaza ukurasa. Gharama yake ni muda wako, na najua mwalimu wa Tanzania hana muda wa kugawa.

Ukipata nafasi, weka pembeni yake kurasa chache za Berusaiyu no Bara ya Riyoko Ikeda, iliyotoka 1972 hadi 1973. Wachoraji wengi wa manga za wasichana katika miaka ya 1950 walikuwa wanaume. Kufikia miaka ya 1970 wanawake walikuwa wameishika kalamu, na Ikeda, aliyezaliwa 1947, ni mmoja wao. Shujaa wake, Oscar, ni binti wa jenerali wa Kifaransa aliyelelewa kama mwana wa kiume kwa sababu baba hakuwa na mrithi. Hadithi ni ileile ya Sapphire, ila moyo wa pili haupo. Oscar anajua upanga kwa sababu alifundishwa, basi, na mwisho wake hauko harusini: anakufa vitani gereza la Bastille mjini Paris linaposhambuliwa, Julai 1789. Mwaka 1974 hadithi hiyo ikapandishwa jukwaani, wapi? Takarazuka. Ufundi ukarudi nyumbani. Lakini angalia: kitabu cha Ikeda kina mapenzi ya watu wazima na damu, kwa hiyo kwa Kidato cha Pili chagua kurasa, usiwape juzuu zima.

Na watakapokutaka uwaletee vitabu vingine vya Tezuka, ambavyo ni vingi mno, jihadhari na jambo moja. Jungle Taitei, ile ya simba mweupe iliyoanza 1950, inatokea Afrika, na Waafrika wamechorwa humo kwa midomo minene na sketi za majani, kama katuni za Marekani alizozikulia. Mwaka 1990 kikundi cha raia kutoka Osaka kilianza kuwaandikia wachapishaji kupinga michoro ya namna hiyo, na tangu hapo matoleo mengi ya Tezuka hubeba maelezo ya kukiri kwamba michoro inaumiza na kueleza kwa nini haikubadilishwa baada ya mwandishi kufa. Maelezo hayo yenyewe ni somo zuri, lakini si la kukutana nalo bila kujiandaa.

Kuna mambo ambayo mimi nikiwa mbali siwezi kukusaidia. Yule msichana aliyekuuliza, je, aliuliza kuhusu kitabu au kuhusu yeye mwenyewe? Mchunguze bila kumhoji mbele ya wenzake. Kama kuna wanaomwita jikedume kwa sababu anacheza mpira au ana sauti nzito, hapo hamna tena suala la manga, kuna uonevu, nao unashughulikiwa ana kwa ana: wewe, mwalimu wa malezi, na mzazi mmoja ambaye binti anamwamini. Ukiona ameacha kula, halali, amejitenga, au anasema maneno ya kujidhuru, usisubiri kikao cha klabu. Mpelekeni hospitali au kwa ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa watoto, inapigwa bure. Na mkuu wa shule ajulishwe kuhusu kitabu kabla malalamiko ya mzazi hayajamfikia kwa njia nyingine.

Umeuliza uanzie wapi. Anza na sherehe ya wigi la nywele za kimanjano, uwaache wacheke na kumpenda Franz kidogo, kisha ndipo urudi mbinguni kwenye mioyo. Wakianza na mioyo wataanza kubishana kabla hawajamjua Sapphire. Wakimaliza juzuu zote mbili, ipo na hadithi ya watoto wake, Futago no Kishi, iliyotoka kati ya 1958 na 1959 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2013. Sapphire sasa ni mama wa mapacha, mvulana na msichana. Mvulana anapotea. Kabla hujawafungulia, waulize wanadhani binti atalazimishwa kufanya nini.